Tuliposhuka Ngomo
Tuwasimulie safari yetu ya Uvira. Tulitoka Bukavu asubuhi mapema, wamama na watoto katika bisi moja, tukiimba. Kufika mteremko wa Ngomo, nyimbo zikakatika: huku ukuta wa mlima, huku korongo. Shofere alikuwa akikimbiza gari. Mama mmoja akamwomba apunguze mwendo, akacheka tu. Ndipo sote tukasema pamoja: «Papa shofere, tuko na watoto!» Akapunguza.

Sasa tukaweza kutazama mto Ruzizi kule chini. Unatoka ziwa Kivu, karibu metre 1.460 juu ya bahari, unaingia ziwa Tanganyika, karibu metre 770. Tuliwaeleza watoto kwamba maji yanayoshuka hivyo yana nguvu, ndiyo maana yanazungusha mashini za umeme wa Ruzizi. Huko Kamanyola, joto la bonde likatupokea. Tukavua masweta, tukanunua mchele.

Wamama, sauti ya mmoja ilichekwa, sauti ya wote ikasikiwa. Mkiona gari linakimbia ovyo, msimwache mwenzenu aseme peke yake.