Bilauri Moja Isiyo na Ramu

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mwenyeji asiyewajua wageni wake vyema aweza kumwumiza mmoja wao kwa mkono ule ule anaomkaribishia. Jambo hilo lilidhihirika katika nyumba moja mjini Pemba, kaskazini mwa Msumbiji, ambamo mhandisi mstaafu huwaalika kila mwaka rafiki zake wa shuleni ili wanywe pamoja kinywaji alichojifunza kukitengeneza nchini Kuba. Kinywaji hicho huitwa mojito, nacho ni mchanganyiko wa ramu nyeupe, maji ya ndimu, sukari, majani ya nanaa na maji ya soda yenye mapovu.

Ramu ni zao la miwa. Miwa ikishakamuliwa na sukari kutolewa, husalia molasi, uji mzito mweusi, ambao huchachushwa, kisha huchemshwa na mvuke wake kupozwa hadi ipatikane pombe kali. Mashamba ya miwa ya Kuba yalilimwa kwa jasho la Waafrika waliouzwa utumwani, wakiwamo Wamakua wa pwani ya Msumbiji, na utumwa haukufutwa kisiwani humo mpaka mwaka 1886. Mwaka 1862, Facundo Bacardí alianzisha kiwanda mjini Santiago de Cuba, akaifanya ramu kuwa nyepesi kwa kuichuja katika mkaa. Baadaye, pombe ilipopigwa marufuku Marekani kati ya mwaka 1920 na 1933, Wamarekani wengi walivuka bahari kwenda kunywa Havana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelekezo ya mojito yalikwisha kuchapwa katika kijitabu cha baa ya Sloppy Joe's mjini humo.

Mhandisi huyo alifika Kuba mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 13. Alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Msumbiji waliopelekwa kusoma katika Isla de la Juventud, kisiwa ambacho hadi mwaka huo kiliitwa Isla de Pinos. Sehemu moja ya siku walisoma darasani, na sehemu nyingine walifanya kazi katika mashamba ya machungwa na mabalungi. Mojito hakuijua mpaka alipokuwa mtu mzima, mwanafunzi wa chuo katika jiji la Havana.

Miongoni mwa rafiki zake yumo mmoja ambaye katika bweni la kisiwani alilala kitanda cha jirani. Pombe ilimshinda mtu huyo ukubwani. Ilimpotezea kazi, ikamtawanyia nyumba, hata watoto wakachukuliwa na mama yao kwenda kwa wazazi wake. Hatimaye aliiacha. Katika karamu mbili zilizofuata aliwekewa mbele yake chupa ya soda ya dukani, na kila aliyepita alimwuliza kulikoni. Mwaka wa tatu alituma salamu kwamba hajiwezi, hivyo hatakuja.

Mhandisi alisikitika, akamwambia mkewe, "Mwaka huu nitamtilia kijiko kimoja tu cha ramu, asijione mpweke."

Mkewe, aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu na ambaye hajapata kuonja kileo, alimjibu kwa upole, "Kijiko hicho, mume wangu, ndicho kitakachomrudisha alikotoka. Wala haumwi. Sisi ndio tuliomweka pembeni."

Mume alinyamaza, kwa kuwa alijua maneno hayo ni ya kweli. Ndipo mke alipotoa shauri: bilauri zote ziandaliwe jikoni kwa namna moja bila ramu, naye mume asimame na chupa yake kwenye meza ya ukumbini, awamiminie wale tu watakaotaka. Kila meza iwe na kijiko chake na kipimo chake, pasiwe na kukosea.

Kazi ya jikoni haikuwa ngumu, ila ilidai utaratibu. Katika kila bilauri ndefu alitia vijiko viwili vya chai vya sukari na mililita 20 za maji ya ndimu iliyokamuliwa papo hapo, akakoroga hadi sukari ikayeyuka, kwa maana sukari haiyeyuki kwa urahisi ndani ya barafu. Kisha alitia vijitawi sita vya nanaa, akavigandamiza kidogo kwa mchi wa mbao. Hapa ndipo wengi huharibu. Mafuta yenye harufu nzuri yamo katika vifuko vidogo sana juu ya jani, nayo hutoka kwa kubanwa tu. Jani likipondwapondwa hutoa uchungu na kuchafua kinywaji. Baada ya hayo alijaza barafu hadi ukingoni, kwa sababu barafu nyingi hukawia kuyeyuka kuliko kidogo.

Bilauri za wanywaji zilipelekwa kwa mume, naye akatia katika kila moja mililita 45 za ramu, kisha maji ya soda. Kipimo hicho si cha kudharauliwa. Ramu yenye kileo cha asilimia 40 hutoa mililita 18 za kileo halisi katika bilauri moja, zaidi ya chupa ya bia ya mililita 330 yenye asilimia 5, na utamu wa sukari huuficha ukali wake. Katika bilauri isiyo na ramu, mke aliongeza ndimu kidogo ili utamu usizidi, akamimina taratibu maji ya soda yaliyopozwa sana, kwani maji baridi huhifadhi gesi vizuri zaidi. Alikoroga mara moja tu kutoka chini. Mwisho alikipiga kijitawi cha nanaa kiganjani ili kitoe harufu, akakisimamisha juu.

Rafiki yule alikuja, maana shemeji yake alikuwa amempigia simu mwenyewe. "Njoo, shemeji," alimwambia. "Chako nitakitengeneza kwa mkono wangu, na ramu haitafika jikoni kwangu." Alipopewa bilauri aliinusa kwanza, kama afanyavyo mtu aliyepata kudanganywa. Kisha akanywa. Hakuna aliyemwuliza kulikoni, kwa kuwa bilauri yake haikutofautiana na za wenzake.

Baada ya kitambo alisema, "Hii ni harufu ya mikono yetu tulipotoka shambani." Mmoja wao akaomba aonje, na mwingine naye. Hapo wakakumbuka jambo ambalo miaka yote hawakulitia maanani: kisiwani walikuwa watoto, na hakuna hata mmoja wao aliyekunywa ramu kule. Walichokuwa nacho pamoja kilikuwa harufu ya majani na maji ya matunda makali mikononi. Katika duru ya pili wawili waliiacha chupa ya mhandisi, wakapeleka bilauri zao jikoni.

Yafaa wenye kuandaa karamu wakumbuke kwamba asiyekunywa kileo hahitaji kuhurumiwa wala kushawishiwa. Ahitaji bilauri iliyotengenezwa kwa uangalifu ule ule, na kuaminiwa kwamba ajua alichokikataa.

Rafiki yule aliondoka saa nne za usiku. Mwenye nyumba alimkatia kijitawi cha nanaa, akakifunga katika karatasi yenye unyevu, akamweleza akitie katika kikombe cha maji dirishani mpaka kitoe mizizi, ndipo akipande mahali penye unyevu. Mwaka uliofuata alikuja na nanaa yake mwenyewe.