Alama Moja Katika Daftari la Cardiff

Baba wa bibi yangu mzaa mama alikuwa baharia. Alipanda meli Mombasa katika siku za Vita Vikuu vya Kwanza, akamwacha mkewe mjamzito nyumbani Kibokoni. Zikaja barua mbili tatu, kisha kimya. Mkewe hakufiwa wala hakuachwa. Hakukaa eda wala hakuolewa tena. Alipoulizwa, husema tu, "Yuko safarini." Bibi alikua akisikia ya mtaani: kwamba baba yake amepata mke wa Kizungu, amesahau kuwa ana mtoto. Maneno hayo aliingia nayo kaburini.

Mwaka jana binti ya kaka yangu, anayeishi Uingereza, aliniomba majina ya mzee huyo. Alinieleza kwamba fomu za sensa ya huko hufungiwa miaka 100, kisha huwa wazi kwa kila mtu. Zile za 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Hapa kwetu hatuna jambo hilo. Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika wa Kenya nzima ilikuwa ya 1948, na tusomacho ni jumla za watu, si majina yao. Atafutaye nasaba huku hugeukia vyeti vya ndoa vya kadhi, hati za wakfu, na wazee waliosalia.

Kutafuta kwa jina hakukufaa kitu. Fomu zilijazwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba wa Cardiff aliandika "Omari" kama sikio lake lilivyopenda. Basi binti akatafuta kwa mahali pa kuzaliwa, akiandamana na mitaa ya Butetown karibu na bandari, ambako mabaharia wa kila taifa walipanga. Usiku mmoja akaniletea picha ya ukurasa. Mtu wa miaka 31, mchochea makaa melini, ameoa, amezaliwa "Zanzibar". Hilo la Zanzibar halikunishtua, kwani pwani yetu ilikuwa katika milki ya Sultani wa huko. Majina mawili, lake na la babaye, yameparuzwaparuzwa lakini yanasomeka.

Sensa ile ya Juni 19, 1921 iliwauliza wanaume waliooa jambo ambalo sikulitarajia: wana watoto wangapi walio hai wa chini ya miaka 16, na umri wa kila mmoja uwekewe alama ya X. Katika mstari wake pameandikwa 1. Alama imewekwa chini ya miaka 2. Mke hayumo katika nyumba ile, wala mtoto.

Nilikaa na karatasi hiyo siku nne kabla ya kumwambia mama. Wenye majina kama hayo ni wengi, na bila jina la tatu ushahidi huu usingesimama mbele ya kadhi. Tena daftari la 1921 halijui lolote la miaka iliyofuata. Fomu za 1931 ziliteketea kwa moto mwaka 1942, na 1941 hapakuwa na sensa kwa sababu ya vita. Huenda alioa huko baadaye, huenda alizama. Je, nimfungulie mama jeraha ambalo mamaye alilifunika?

Nikamsomea. Mama ana miaka 78 na hapendi kuliwazwa.

"Miaka miwili?" akauliza. Akahesabu kwa vidole, akirudi nyuma hadi mwaka wa ile homa kuu, 1918, ambao ndio Bibi aliozaliwa. Akahesabu tena.

"Basi barua ya kuzaliwa kwake ilifika," akasema.

Alitaka karatasi ile ichapishwe kubwa, akaitia katika kasha la Bibi, pamoja na cheti cha ndoa. Kisha akaniagiza, "Mwambie mwanangu huko aulize makaburi ya Waislamu wa Cardiff yako upande gani." Binti amekwisha kuandika, tunangoja jibu.