Gitaa Mbele ya Okestra

Msomaji wangu, umepata kuketi karibu na mtu apigaye gitaa lisilotiwa umeme? Ukiwa hatua tatu kutoka kwake wasikia kila uzi. Ukienda hatua hamsini, tena pana watu wazungumzao, husikii kitu. Sasa fikiri mtu mwenye chombo hicho dhaifu aketi mbele ya okestra, nyuma yake wapigaji wa fidla safu kwa safu, wenye filimbi na zumari za Kizungu, na wenye tarumbeta za shaba. Kisha atakiwe yeye ndiye aongoze mazungumzo. Ni kama kumtuma chiriku akaimbe mbele ya kundi la tembo.

Kazi hiyo ilifanywa, na aliyeifanya alikuwa kipofu. Jina lake Joaquín Rodrigo, Mhispania, mzaliwa wa mji wa Sagunto, mwaka 1901. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu ugonjwa wa dondakoo ulimwondolea nuru ya macho. Alikuwa mpigaji wa piano, na tungo zake aliziandika kwa nukta nundu, kisha akamsomea mtu mwingine azinakili kwa wino. Ajabu ni kwamba gitaa lenyewe hakuwa mpigaji wake. Mwaka 1939, akiwa Paris, alitunga Concierto de Aranjuez, na tarehe 9 Novemba, 1940, Regino Sainz de la Maza akaupiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza mjini Barcelona. Aranjuez ni mji wa bustani za wafalme, kusini ya Madrid, kando ya mto Tagus.

Mtunzi alitumia hila gani? Ngoma kubwa na matromboni aliyaacha nje ya mlango. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni adabu aliyoiweka: gitaa lisemapo, wengine hunyamaza au hunong'ona, na wengine wapaazapo sauti, gitaa hukaa kimya. Utungo waanza na gitaa, taratibu, likicharazwa nyuzi zote pamoja. Ukitaka kujua mwendo wake, piga makofi sita, ukazie la kwanza na la nne. Kisha sita tena, ukazie la kwanza, la tatu na la tano. Makofi ni yale yale, lakini mwendo umegeuka. Wapiga ngoma wa kwetu hawana haja ya kufundishwa jambo hili.

Katika ujana wangu nilipiga gitaa katika bendi ndogo yenye tarumbeta mbili, na watu walinitazama kwa huruma, maana waliona vidole vikienda bila sauti. Kwa hiyo niliposikia sehemu ya pili ya utungo huu kwa mara ya kwanza, nilisikiliza kama mtu mwenye kesi yake mahakamani. Gitaa lapiga polepole, kama mtu atembeaye chumbani usiku. Juu yake yaimba zumari ya Kizungu, ile ndefu yenye sauti nzito kuliko mwenzake. Gitaa lajibu kwa maneno yale yale, lakini limeyapamba kwa vituo na mizunguko midogo. Aliyezoea udi wa taarabu atahisi kwamba amesikia ndugu. Wala si ajabu, kwa kuwa Waislamu walitawala sehemu za Hispania karne nyingi, na hata leo Mhispania ana chombo akiitacho laúd, jina litokalo katika neno lile lile la Kiarabu lililotupa udi. Kisha gitaa labaki peke yake, likipanda na kupanda hata nyuzi zaonekana kama zitakatika. Hapo ndipo okestra nzima hupasuka kwa kilio. Gitaa halishindani nayo. Langoja, kilio kikaisha, likarudi kumaliza kwa sauti nyembamba sana.

Victoria Kamhi, mke wa mtunzi, alieleza baadaye kwamba sehemu hii ilikuwa na kumbukumbu za siku zao za fungate, na huzuni ya mtoto wao wa kwanza waliyempoteza kabla hajaiona nuru. Wako waalimu waanzao na habari hii kabla ya kuwasikilizisha wanafunzi muziki. Mimi ningeanza na muziki. Mtu akiambiwa mapema mahali pa kulia, hulia kwa utii.

Sehemu ya tatu ni ngoma ya ikulu, nyepesi, na sipendi kuisemea sana. Yaisha kwa upole. Msikilizaji aliyengoja kishindo huachwa mikono hewani, hajui kama apige makofi.

Mwaka 1991 mfalme wa Hispania alimpa Rodrigo cheo cha Markisi wa Bustani za Aranjuez. Alifariki mwaka 1999, mwenye miaka 97, akazikwa Aranjuez pamoja na mkewe, karibu na bustani alizozijua kwa harufu na kwa sauti ya maji.