Vitumbua na Njia Vilivyopitia



Wengi wetu huku Lusangi tumesomeshwa kwa vitumbua. Mama aliroweka mchele mchana, akausaga jioni, akaamka kabla ya jogoo, na kulipopambazuka sinia lilikuwa tayari kando ya njia. Daftari zilitoka humo, na ada ya shule, na hata viatu vya Noeli. Ndiyo maana tulinyamaza kimya mwenzetu mmoja alipotuuliza katika kikao: je, yafaa kukipenda chakula kilichotufikia pamoja na minyororo?

Swali hilo halikuwa la upuuzi. Mpunga ulifika Maniema kwa njia ya misafara ya Wazanzibari na waungwana wao, waliopita Ujiji na Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Huko Nyangwe, mwezi Julai mwaka 1871, Livingstone aliwaona watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wazungu walioiteka Kasongo mwaka 1893 walistaajabia mashamba yake ya mpunga na miwa. Serikali ya Kibelgiji nayo haikuuacha mpunga. Iliuingiza katika kilimo cha lazima, na aliyekataa kulima aliadhibiwa.

Basi sinia la mama lina habari nzito. Hata hivyo tulimjibu mwenzetu kwamba mashamba yale hayakulimwa na wenye bunduki. Walioinama matopeni, waliopura, waliopepeta na kutwanga, walikuwa mateka na wake na wenyeji wa nchi hii. Ujuzi wa mchele ulikaa mikononi mwao, na wao ndio waliotuachia. Kuutupa leo, tuliona, ni kuwanyang'anya mara ya pili. Mwenzetu hakukubali yote, na hatukumlazimisha. Aliomba tu afundishwe kuvipika.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba wengi wetu, hasa wavulana, twajua kuvila tu. Tukawaomba mama zetu watufundishe, na haya ndiyo waliyotufundisha.

Mchele uroweke muda wa saa nane au zaidi, hata punje ivunjike kwa kubanwa na kucha. Usage laini kabisa kwa maji kidogo. Chenga zikibaki, kitumbua kitakuwa na mchanga mdomoni. Kwa vikombe viwili vya mchele, hamira kijiko kimoja cha chai na sukari vijiko vinne vikubwa vyatosha. Iliki ikiwapo, ni neema. Watu wa pwani husagia kwa tui la nazi, nasi ambao minazi yetu ni michache hutumia maji, na hatuoni tumepungukiwa. Palipokosekana hamira, tembo lilifanya kazi hiyohiyo, maana chachu imo ndani yake. Ila linahitaji muda mrefu zaidi, na harufu yake hubaki kidogo. Wapo kati yetu wanaoipenda zaidi hiyo.

Siri iko katika uji. Yule mwanamke wa Injili aliyeficha chachu katika vipimo vitatu vya unga alikuwa na unga wa mkate, na ngano ina utando unaonyumbuka na kushika hewa kama kibofu. Mchele hauna utando huo. Chachu hula sukari na kutoa hewa, lakini hewa hupanda na kutoroka. Kwa hiyo huchotwa upawa mmoja wa mchele uliosagwa, ukapikwa kwa maji mpaka uwe uji mzito, ukaachwa upoe hata uwe vuguvugu, kisha ukarudishwa katika mchanganyiko. Uji huo hushika mapovu yasikimbie. Ukitiwa ungali moto, huua chachu, na kazi yote imepotea.

Baada ya hapo piga kwa mkono, piga sana, kisha funika na uweke karibu na jiko. Ukiumuka, usiukoroge tena. Mama zetu walikuwa wakali juu ya jambo hili kuliko jingine lolote: mwiko ukiingia mara moja tu, mapovu yote huvunjika. Chota taratibu kutoka pembeni.

Moto uwe wa makala yaliyotulia. Ukizidi, nje huungua na ndani hubaki ubichi. Ukipungua, hewa hutoka kabla kitumbua hakijashika umbo, nacho hulala bapa. Tia mafuta katika kila shimo la kikaango, jaza robo tatu, ngoja matundu madogo yatokee juu, ndipo ukigeuze kwa kijiti. Wengine huongeza hamira maradufu ili wasingoje. Kitumbua hufura kweli, lakini huwa kichungu, na kikipoa hunywea.

Kikaango chenyewe, chenye mashimo ya duara, kina ndugu zake kusini mwa India, ambako hupikwa maandazi madogo ya mchele yanayofanana sana na haya yetu. Bahari iliyapeleka maarifa haya huku na huku kabla hayajapanda bara.

Si kila nyumba ina kikaango cha namna hiyo. Tunachotumia sisi ni cha bibi mmoja Mwislamu, jirani. Usiku wa kuamkia Idi hakipatikani kwa yeyote, nasi hatukiombi. Usiku wa kuamkia Noeli hutuletea mwenyewe, kimeshapakwa mafuta, mpini wake umefungwa kwa waya, naye huketi kidogo kutazama kama tunakoroga.