Treni ya Kwenda Kirksville

Treni ya Southwest Chief huondoka Chicago alasiri na kulala njiani siku mbili kabla ya kufika Los Angeles. Mimi nilikuwa abiria wa karibu tu. Nilikuwa nashuka La Plata, kituo kidogo kaskazini mwa Missouri kilicho karibu na mji wa Kirksville, saa mbili hivi usiku. Tangu nitue Marekani nilikuwa sijatoka nje ya Illinois, na safari hii ya kwanza ilikuwa ya kwenda kufanyiwa usaili katika chuo cha udaktari cha Kirksville.

Baada ya Galesburg kilichobaki dirishani ni mahindi yaliyokwisha kukauka, maili baada ya maili, na shambani hamna mtu. Kwa aliyekulia kwetu Kisauni, shamba kubwa namna ile lisilo na mlimaji wala mtoto wa kufukuza ndege linatia wasiwasi kidogo. Jua lilikuwa linazama tulipovuka Mississippi juu ya daraja la chuma na kufika Fort Madison. Mzee mmoja aliyeketi jirani akaniuliza ninakwenda wapi. Nilipomtajia Kirksville alicheka, akasema mkewe anatibiwa na daktari wa D.O., yaani wa osteopathia, miaka mingi sasa na hajaona tofauti yoyote na wale wengine.

Kwetu tofauti hiyo ilikuwa imeshazua mjadala mkubwa. Binamu yangu anayeishi London alimwambia mamangu kwamba mtu wa osteopathia si daktari. Kwa Uingereza, alisema kweli: kule wana baraza lao la usajili chini ya sheria ya mwaka 1993, hawaandiki dawa wala hawapasui. Mama akanipigia simu usiku. "Mwanangu, yaani uvuke bahari yote hiyo ukasomee kuchua watu?" Nikamweleza polepole. Marekani D.O. ni daktari kamili. Anaandika dawa, anapasua, anazalisha, na majimbo yote 50 yanampa leseni sawa na ya M.D., daktari wa shahada ya kawaida. Kinachoongezeka ni mafunzo ya mikono, saa 200 hivi za kujifunza kupapasa na kunyoosha misuli na viungo, juu ya masomo yale yale ya famasia na patholojia. Tangu 2020, wahitimu wa pande zote mbili wanagombea nafasi za ubingwa katika mfumo mmoja. Mama alinyamaza, kisha akauliza, "Na koti jeupe mnavaa?" Nikamwambia tunavaa. Mjadala ukafungwa.

Kirksville ndiko yalikoanzia yote haya. Andrew Taylor Still alikuwa tabibu wa mpakani mwa makazi ya walowezi, na mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ilimchukulia watoto watatu, huku dawa za wakati ule, zebaki ikiwemo, zikishindwa kufanya lolote. Akazichukia dawa hizo. Mwaka 1874 alitangaza njia yake ya osteopathia, akafukuzwa huku na kubezwa kule, na 1892 akafungua chuo mjini humo. Hati ya jimbo ilimruhusu kutoa shahada ya M.D., lakini hakutaka, akatoa D.O. Darasa lake la kwanza lilikuwa na wanawake, jambo ambalo vyuo vingi vya zama hizo visingethubutu. Kibanda cha mbao alichofundishia kimehifadhiwa ndani ya jumba la makumbusho la chuo. Nilisimama mlangoni pake nikastaajabu kwamba ni kidogo kiasi kile. Kwa maoni yangu mzee Still alikuwa na makosa mengi kuhusu chanzo cha magonjwa, na chuo chenyewe leo kinafundisha chanjo na viuavijasumu bila kigugumizi. Lakini kuhusu kumgusa mgonjwa kabla ya kumwandikia dawa, alikuwa na hoja.

Hoja hiyo niliihisi mgongoni mwangu. Siku ya usaili walitupeleka kwenye ukumbi wa mazoezi, vitanda vimepangwa safu kwa safu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili akanilaza kifudifudi. Akapitisha vidole kandokando ya uti wa mgongo, taratibu, akasimama chini ya bega la kulia. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Wewe unainua watu kazini?" Nilikuwa sijamwambia mtu pale kwamba nafanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, nikiwageuza vitandani na kuwahamishia kwenye viti vya magurudumu. Akanionyesha jinsi upande mmoja wa misuli ulivyokaza kuliko mwenzake.

Usaili wenyewe haukuwa na kishindo. Waliniuliza kwa nini D.O., nikawasimulia wazee wangu wa usiku, basi.

Safari ya pili, wiki chache baadaye, ilikuwa kwa basi kwenda chuo kingine, kipya, katika jimbo jingine. Sitakitaja jina. Jengo lake la vioo lilinivutia, na maabara yake ya anatomia ilikuwa na skrini kila meza. Chuo kipya hupewa kibali cha awali tu, na ithibati kamili husubiri darasa la kwanza likaribie kuhitimu. Hilo peke yake halikunitisha. Kila chuo kipya huanza hivyo. Kilichonitisha ni jibu la swali langu. Vyuo vingi vya D.O. havina hospitali yao wenyewe. Miaka miwili unasoma darasani, halafu mwaka wa tatu na wa nne unatawanywa kwenye hospitali ambazo chuo kimeingia nazo mkataba, wakati mwingine majimbo mengine kabisa. Nikauliza, nitapelekwa wapi? Nikajibiwa kwa tabasamu kwamba ushirikiano bado unajengwa. Ushirikiano hauna wodi, wala hauna daktari wa kukusimamia saa tisa usiku.

Kirksville nao huwatawanya wanafunzi wao, na mji wenyewe ni mdogo na uko mbali na kila kitu. Lakini nilipouliza swali lile lile nilitajiwa maeneo, na mwanafunzi aliyerudi kutoka zamu zake alinieleza bila kuficha kipi kizuri na kipi kinachosha, ikiwemo kuhama nyumba ukiwa na mkopo shingoni.

Vyuo vyote viwili vilinikubali. Binamu yangu wa London alipendekeza kile cha vioo, kwa kuwa kiko karibu na jiji. Nililipa amana Kirksville.

Kwa yeyote anayefikiria njia hii, naomba jambo moja. Kabla hujalipa chochote, omba orodha ya hospitali za mwaka wa tatu kwa majina. Uliza kama kila moja ina madaktari wanaosomea ubingwa, ambao ndio watakaokufundisha kila siku wodini, na uliza nani analipia nyumba ukipelekwa mbali. Wakisita kukupa orodha hiyo, tafuta chuo kingine.