Sura ya Kompyuta Ichaguliwe na Mwenye Kazi

Ikiwa nyumbani kwako mna kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi, basi kisa hiki kinakuhusu.

Kompyuta yetu imekula chumvi nyingi, na kumbukumbu yake ni gigabaiti 4 tu. Mfumo wake wa zamani ulipokoma kupewa masahihisho ya usalama, na ule mpya ukaikataa kwa uzee wake, nilibakiwa na njia mbili: kununua nyingine, jambo ambalo mshahara haukuruhusu, au kujifunza Linux, mfumo usiotozwa ada ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Nilichagua Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux. Jumamosi moja usiku, baada ya kuhifadhi mafaili yetu yote pembeni, niliuweka.

Katikati ya kazi hiyo mashine iliniuliza nataka eneokazi lipi. Majina yalipangwa mbele yangu: GNOME, Xfce, KDE Plasma, Cinnamon, MATE na mengineyo. Sikujua hata moja. Niliiacha alama pale ilipokuwa, nikabonyeza kuendelea. Ndivyo tufanyavyo wengi mbele ya fomu tusiyoielewa: twatia sahihi tu.

Asubuhi mke wangu, ambaye ni mweka hazina wa upatu wa akina mama mtaani kwetu, alikaa kufunga hesabu kabla ya mkutano wa saa kumi. Alikuta ukanda mmoja juu ya skrini, na chini hapana kitu. Alipolifungua faili la hesabu, dirisha lilikuwa na kitufe cha kulifunga, lakini hakikuwapo cha kulishusha. Tena mashine ilikuwa ikijikokota.

"Baba watoto," alisema bila kunitazama, "humu mna hesabu ya fedha za watu. Kabla hujabadili, uliniuliza?"

Sikuwa na jibu. Alichukua kalamu na daftari la karatasi, akaanza kuandika upya. Kimya kile kiliniuma kuliko maneno.

Nilikusudia kuifuta Linux yote. Bahati nzuri nilisoma kwanza, nikatambua kosa langu. Mfumo na eneokazi ni vitu viwili. Mfumo huendesha diski, kumbukumbu na mtandao. Eneokazi ni ile sura tunayoiona: ukanda, orodha ya programu na madirisha. Mtu habomoi nyumba kwa sababu hakupenda viti vya sebuleni.

Jambo la kwanza kwa mgeni, basi, ni kujua alichonacho. Fungua dirisha la kuandikia amri, uandike echo $XDG_CURRENT_DESKTOP, nayo mashine itakutajia jina. Yangu ilijibu: GNOME.

Jambo la pili ni kuzijua tabia zake. GNOME, iliyoanzishwa mwaka 1997, hupenda uwazi: programu hufichwa mpaka uziite kwa kitufe, na dirisha huachiwa kitufe cha kufunga peke yake. Kwa hiyo halikuwa bovu, ndivyo lilivyokusudiwa. KDE, aliyoianzisha Mjerumani Matthias Ettrich mwaka 1996, huweka ukanda chini kama tulivyozoea, na hukuruhusu kubadili karibu kila kitu. Cinnamon, kazi ya watengenezaji wa Linux Mint, humfaa aliyezoea orodha ya programu pembeni chini. Xfce, iliyoanzishwa pia mwaka 1996, haina mapambo mengi, lakini haili kumbukumbu sana; ndiyo rafiki wa mashine kongwe.

Jambo la tatu ndilo nililolisahau: kumwuliza mwenye kazi. Jioni ile tulikaa sote. Mke wangu alitaka ukanda unaoonekana, vitufe vyote, na mashine isiyosinzia. Binti yetu aliipenda GNOME kama ilivyo. Ugomvi haukuzuka, kwa sababu maeneokazi mawili yaweza kukaa katika mashine moja. Niliongeza Xfce, nikampa kila mtu akaunti yake. Penye kuingilia, baada ya kuchagua jina lako, kuna alama ya gurudumu lenye meno. Ukiibonyeza unachagua eneokazi, na mashine hukumbuka chaguo lako. Sharti letu ni moja: anayemaliza atoke kabisa katika akaunti yake, asije akaacha programu zake zikila kumbukumbu ya mwenziwe.

Jumapili iliyofuata mke wangu alifunga hesabu katika kompyuta, akaenda mkutanoni. Lakini lile daftari la karatasi hakulitupa. Liko rafuni, karibu na skrini, na kila ninapotaka kubadili kitu hulitazama kwanza, kisha humwita.