Kopa Tisa

Baridi ya Julai Maguu haina mchezo wadau. Wanaume watatu wamejifungia chumba cha nyuma ya duka wanacheza poka. Mmoja ni kijana wa miaka 23, poka kajifunza kwenye simu kwa chipsi za bure. Mfukoni kaingia na 80,000, hela ya vibarua wa kuchuma kahawa. Kapewa na mama yake.

Anayemtazama pale mezani ni mnunuzi wa magoma. Kama hujawahi kufika Mbinga: magoma ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Miezi ya njaa mtu anakuja na daftari, anakupa hela kidogo, mavuno yakifika anabeba magunia. Chama cha ushirika na mnada unavisikia tu kwa jirani. Mama wa kijana alichukua mwezi wa pili, mtoto alikuwa anaumwa.

Kila mmoja kaweka 20,000. Karata tatu zinafunguliwa, mbili kopa. Kijana mkononi ana kopa mbili. Bado moja tu!

Sasa sikia hesabu. Kopa ziko 13, nne anaziona, zimebaki tisa. Bado zinafunguliwa karata mbili, kwa hiyo nafasi yake ni kama asilimia 35. Mnunuzi anaweka 20,000, wa tatu anatupa. Kama ni kuweka zote 60,000, wakati ni huu. Akiitikiwa, mezani panakuwa na 180,000 na yeye kachangia theluthi. Hesabu inambeba kidogo. Na mpinzani akiogopa akatupa, kala bila hata kopa ya tano. Ndiyo maana wajuzi wanasukuma mapema.

Ila huyu mzee huwa hatupi karata. Watu wote wa pale wanajua.

Kijana akawaza vibarua, akaogopa. Akaitikia 20,000 tu. Ikafunguliwa ya nne: uru.

Hapo imebaki karata moja. Kopa tisa kati ya karata 46 asizoziona, hata asilimia 20 haifiki. Mezani 100,000, mkononi 40,000. Mtu mwenye akili zake anagonga meza na kusubiri aone ya mwisho bure.

Mzee akacheka. "Dogo, mama hajambo? Mwambie magunia yangu ayaanike vizuri."

"Zote," kijana akasema. Akasukuma 40,000.

Mzee hata hakuangalia karata zake. Akaweka.

Ya mwisho ikawa shupaza. Mzee alikuwa na jozi ya wafalme, basi, hakuna kingine.

Saa saba usiku, kijana kasimama mlangoni, vibarua wanakuja asubuhi.

"Shikamoo mzee. Naomba uniazime 50,000."

"Marahaba." Mzee akahesabu noti zilezile za mezani, akampa. Halafu akatoa daftari, akatafuta ukurasa wa mama yake, akaandika msimu ujao.